Mashahidi Arobaini na Mmoja wa Kutosikia

Haya si ya hapo zamani za kale. Ni ya mwaka juzi, na waliohusika bado wako ofisini, isipokuwa saa ya chai. Jina la nchi yetu sitalitaja, maana liko Wizarani linafanyiwa ukarabati, na tumeelekezwa tusilitumie mpaka rangi ikauke.

Chanzo chake ni safari. Mlezi Mkuu wa Taifa alialikwa nchi ya mbali, akakalishwa mezani karibu na malkia mmoja wa huko, na yule malkia, kwa kukosa la kusema, akamuuliza, "Na kwenu siku hizi mnaimba nini?" Mlezi Mkuu akafikiri tangu supu mpaka matunda. Nyimbo alizozijua zilikuwa mbili: wimbo wa taifa, na ule wa kumsifu yeye mwenyewe, ambao kwa unyenyekevu wake hakuweza kuuanza. Akarudi na aibu. Palepale uwanja wa ndege, kabla hajamaliza kukagua gwaride, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nchi itagundua na kutegemeza muziki mpya wa wasanii walio hai na wanaojitegemea.

Tulipiga makofi. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini tulipiga.

Serikali yetu haichelewi. Ikaundwa Mamlaka ya Ugunduzi, likajengwa jengo la ghorofa sita, na juu ya mlango ikachongwa ngoma ambayo, kwa ajili ya utulivu, haina ngozi. Wagunduzi mia mbili na kumi wakaajiriwa, wakapewa kofia za jua, viatu vya porini na darubini. Tukawa tunawaona wakipita barabarani wamejipanga mstari, wanatafuta muziki kwa darubini.

Ili kazi yao isivurugwe ikatoka amri: asiimbe mtu mpaka agunduliwe. Wimbo ambao haujagunduliwa ni wimbo wa magendo.

"Hatuwezi," alisema Kamishna wa Ugunduzi, Bwana Ngobito, redioni, "hatuwezi kugundua kitu ambacho tayari kinapiga kelele. Ugunduzi, ndugu wananchi, unataka ukimya."

Ilikuwa hotuba nzuri. Ilirudiwa mara tisa kwa siku, katika nafasi zilizokuwa za muziki.

*

Sasa niseme habari za Nyamizi, maana ndiye mwenye jambo.

Nyamizi binti Kasoga alipanga chumba kilichopakana na changu, ukuta wetu mmoja, wa udongo. Kazi yake ilikuwa kusuka nyungo. Alikuwa na zeze la babu yake, na mikono ikichoka kusuka alilichukua akaimba. Hakuwa na bendi, hakuwa na tajiri nyuma yake. Siku za gulio alikaa pale wanapouza chumvi, akaimba, na watu wakampa walichonacho: mayai, kisamvu, siku moja jogoo mwenye jicho moja. Ndiyo riziki yake ilikuwa, maana nyungo hazinunuliwi kila siku.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule nilifiwa na mume wangu, marehemu Elieza, mpiga kengele wa usharika wetu. Matanga yakaanuliwa, ndugu wakaenda kwao, sufuria za watu zikarudishwa. Asubuhi ya kwanza ya kuwa peke yangu nilikaa chini na ungo, nichambue mchele wa mtu mmoja. Hujui mchele wa mtu mmoja ni mdogo kiasi gani mpaka uuchambue.

Ndipo ng'ambo ya ukuta Nyamizi akaanza wimbo ambao sikupata kuusikia. Ulikuwa wimbo wa kuuliza. Akauliza, akanyamaza. Akauliza tena, akanyamaza. Alikuwa hajapata jibu la kuuwekea.

Kwetu mtaani mtu akiimba kwenye kazi yake, jirani huitikia. Hata kama mmegombana. Bi Sauda muuza vitumbua na mimi tulinuniana mwaka mmoja tangu Ramadhani yake mpaka Krismasi yangu, lakini akianza wimbo akiwa anakoroga unga, niliitikia, na uso nimeukunja hivyohivyo. Kutoitikia ni kama kumwacha mtu amenyoosha mkono usimpe wako. Basi nami, ungo magotini, nikamwitikia Nyamizi. Maneno sikuyatafuta. Yalikuwepo.

Kisha ukuta ukagongwa mara mbili.

"Mama Keziya, rudia hapo."

Nikarudia. Akalipitisha zeze juu yake, na wimbo ukawa umesimama kwa miguu miwili. Kufika Pasaka mtaa wote ulikuwa ukiitikia, wanaofua, wanaopara samaki, hata Balozi Mgaya, kiongozi wetu wa mtaa, akiwa chooni.

Halafu ikaja ile amri, na mtaa ukanyamaza.

*

Magulio matatu yakapita Nyamizi hajaimba. Jogoo wa jicho moja akaliwa. Asubuhi moja akanipigia hodi amevaa kanga ya kutokea.

"Mama, nakwenda kugunduliwa."

"Wamekuita?"

"Nimewakuta hapo nje na darubini, nikawaambia mimi hapa. Wakasema anayejileta mwenyewe hagunduliwi, anajiandikisha."

Jengo lile lilikuwa na madirisha matatu. Dirisha la kwanza lilikuwa la Walio Hai. Walimwekea kioo puani, kikaingia ukungu, wakamwambia ukungu huo ni wa leo, alete na wa mwezi uliopita.

Dirisha la pili lilikuwa la Wanaojitegemea. Hapo alitakiwa kuleta barua kutoka kwa mtu ambaye hamtegemei, ikieleza ni kwa namna gani hamtegemei. Bi Sauda akamwandikia: "Mimi Sauda simpi Nyamizi chochote isipokuwa kitumbua cha asubuhi." Karani akakipigia kitumbua mstari mwekundu. Ikabidi Nyamizi akae siku ishirini na moja bila kitumbua ndipo barua iandikwe upya.

"Mwenyezi Mungu anisamehe," alisema Bi Sauda, "nimemfungisha mtoto wa watu funga isiyo na Idi."

Dirisha la tatu lilikuwa la Mpya. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa mujibu wa kanuni, wimbo mpya ni wimbo ambao haujasikiwa na mtu.

"Ukishasikika si mpya," karani alimfafanulia, kwa upole kabisa. "Mkate ukishaumwa unarudi dukani?"

"Lakini ninyi wenyewe mtausikiliza."

"Hatusikilizi, dada. Tukisikiliza utakuwa umesikika, itabidi tuukatae. Unataka tukukatae?"

"Sasa mtajuaje kama ni mzuri?"

"Tunaangalia fomu ilivyojazwa."

Akapewa tarehe ya baraza. Majirani wote walio ndani ya umbali wa sauti yake wangeitwa, waape juu ya kitabu cha dini yao kwamba hawajausikia wimbo ule. Hao waliitwa mashahidi wa kutosikia. Wakiapa wote, Nyamizi angepewa beji, na angeimba gulio lolote mpaka kufa kwake. Lakini wimbo ukionekana ulishasikika, basi ni mkongwe, na wimbo mkongwe ni mali ya taifa. Ungechukuliwa pamoja na zeze, ukatunzwe Bohari ya Urithi, na aliyeutunga asingeruhusiwa kuutamka tena, asije akauchakaza.

"Nisingekwenda, ningenyamaza na zeze langu mkononi," aliniambia. "Sasa naweza kunyamaza mikono mitupu."

*

Balozi Mgaya akaita mkutano uani kwake. Sijaona mtaa wetu ukikubaliana namna ile. Tulishashindwa kukubaliana juu ya shimo la taka kwa miaka minane, lakini siku ile dakika kumi hazikuisha. Wote wangeapa hawajausikia.

Tatizo likawa mazoea. Balozi akatufanyisha mazoezi. Kila mtu alijaza maji mdomoni, halafu yeye akatamka mstari wa kwanza wa wimbo. Anayemeza au kumwaga ndiye aliyeitikia. Siku ya kwanza ua wote ulilowa, na shati la Balozi pia. Siku ya nne aliyebaki kumwaga ni mzee wa mkaa peke yake, naye ikasemekana ni meno.

Mimi sikutia maji mdomoni.

"Mama Keziya," akasema Balozi, "wewe ndiye wa ukuta. Wewe ndiye watakayemtazama."

"Sitaapa uongo, Balozi."

"Si uongo, mama. Ni fomu."

"Biblia itashikwa au haitashikwa?"

"Itashikwa."

"Basi si fomu."

Bi Sauda akacheka puani. "Mwacheni. Huyu karani wa sensa alimuuliza umri, akaomba siku tatu afunge kwanza."

"Niliomba moja," nikasema.

Hawakunikasirikia. Wakakubaliana waniandike wa mwisho, namba arobaini na moja, maana maofisa wetu wakifika thelathini huanza kutazama saa, na kengele ya chai ikilia hawabaki. Nami nikaahidi kuomba. Siku tatu niliomba nisiulizwe. Sikuomba neno jingine lolote, na hapo ndipo nilipokosea.

Jioni ya kuamkia baraza Nyamizi aligonga ukuta.

"Mama, wakikuuliza useme kweli."

"Watakunyang'anya."

"Najua. Lakini kiitikio ni chako. Siwezi kukuambia uape hukuwepo."

Nilikaa na shuka begani. Kumjibu kwa wimbo ningeweza.

*

Baraza lilikaa ukumbi wa kata. Kamishna Ngobito aliingia na wagunduzi kumi na wawili, darubini shingoni, akahutubia.

"Ndugu wananchi. Muziki ni nini? Muziki ni sauti ambayo serikali imeiruhusu. Kabla ya hapo ni upepo. Leo tumekuja kuugeuza upepo wa binti huyu uwe muziki, iwapo upepo huo haukuvuma. Serikali inawapenda wasanii walio hai. Inawapenda kiasi kwamba haiwezi kuwaacha waimbe ovyo."

Tukapiga makofi. Nje jua lilikuwa kali, nalo kama linasikiliza.

Mashahidi wakaanza.

"Umewahi kuusikia wimbo huu?"

"Wimbo upi, mheshimiwa?" akajibu Balozi, kama walivyopanga.

"Huu ambao hujausikia."

"Huo sijausikia."

"Andika."

Wakapita mmoja mmoja, Biblia kwa Msahafu. Bi Sauda alipoulizwa alisema yeye kwa sababu ya mafuta yanavyolia kikaangoni hata adhana anaisikia nusu. Wakapita thelathini. Wagunduzi wakaanza kutazama saa. Alipoapa wa arobaini kengele ya chai ikalia, na Kamishna akafumba daftari.

"Huyu wa mwisho ni nani?"

"Mama mjane, mheshimiwa," akasema Balozi. "Mtu wa kanisa."

"Watu wa ibada hatuwasumbui. Hao wana ya kusikiliza kutoka juu." Akauinua muhuri.

Dua yangu ilijibiwa, na mbele yenu wote naapa kwa Mungu aliye hai kwamba nilishukuru. Mikono yangu ililegea, mabega yakashuka, na ulimi nao, nadhani, ukalegea.

Lilibaki jambo dogo la kumbukumbu. Ilipaswa mstari wa kwanza usomwe, ieleweke ni wimbo upi ambao haukusikiwa. Karani akasimama, akasoma kama mtu anayesoma majina ya wanafunzi watoro. Maneno yenyewe nayanakili hapa kutoka kwenye nakala ya hukumu, ukurasa wa tatu:

"Nani aliyechambua mchele gizani?"

Na mimi, kwa sauti yangu ya ukutani, nikaitikia:

"Ni sisi, na mawe tumeyala."

Sikuipanga. Mtu alinyoosha mkono, nikampa wangu. Na kwa kuwa kwetu akiitikia mmoja wanaitikia wote, ukumbi mzima ukapokea, Balozi, Bi Sauda, mzee wa mkaa, na askari wa mlangoni ambaye nyumbani kwake ni mtaa wa pili. Tuliimba kiitikio chote, na mkokoto wake wa mwisho, na vile Bi Sauda anavyopenda kukichelewesha.

Kisha tukatazamana, kama watu walioangusha chungu cha msibani.

"Andika," akasema Kamishna. "Wote wamekiri."

"Wamekiri nini, mheshimiwa?"

"Mchele."

"Na mawe?"

"Na mawe pia."

Nilimtafuta Nyamizi kwa macho. Alikuwa amesimama mbele, zeze limefungwa lebo ya ushahidi, na alikuwa amefumba macho. Ulikuwa ukumbi wenye paa la bati na kuta nzuri, na wimbo wake haukuwahi kupata ukumbi. Nadhani alisahau yuko wapi. Nadhani alikuwa anasubiri tuendelee.

*

Hukumu ilitoka baada ya chai. Wimbo ukagongwa muhuri wa MKONGWE. Zeze likapelekwa Bohari ya Urithi, liko rafu ya chini, kati ya pembe ya chifu na mashine ya kuchapa, na kuligusa hakuruhusiwi. Tuzo ya mwaka ya muziki mpya ikaenda kwa bwana mmoja wa mjini ambaye wimbo wake ulithibitika kwamba hausikiki kabisa. Ulitiwa kwenye sanduku, ukafungwa kwa lakiri, ukapelekwa kwa yule malkia na Mlezi Mkuu mwenyewe. Malkia alishukuru kwa sanduku.

Kuna amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Niliishika. Nimeisoma tena na tena kuona kama mahali popote imeandikwa la kufanya pale jirani anapoangushwa na kweli. Haijaandikwa.

Mtaa wetu haukufungwa. Serikali ina huruma. Tulihukumiwa Kozi ya Kusahau, kila Alhamisi asubuhi, ukumbi uleule. Mwalimu wetu, Mwalimu Obedi, kijana mwenye adabu, husoma ule mstari wa kwanza mara moja, kisha anatazama midomo. Ambaye mdomo wake haukutikisika anapewa cheti. Ambaye umetikisika anarudi Alhamisi nyingine. Na asiye na cheti haruhusiwi kuuza wala kununua gulioni.

Bi Sauda alifaulu wiki ya pili. "Nina watoto sita, Mama Keziya," akaniambia, nami sikuwa nimemuuliza. Balozi alifaulu wiki ya sita. Mzee wa mkaa alifaulu kwa kufa.

Nyamizi alifaulu wiki ya tatu. Nilikaa benchi moja naye. Mwalimu aliposoma, nilimtazama usoni, na alikuwa kama mtu anayetajiwa kijiji ambacho kaka yake aliwahi kupita. Tulipotoka nikamshika mkono.

"Umefanyaje, mwanangu?"

"Nimefanya nini?"

"Kunyamaza namna ile."

"Nyungo zimejaa chumbani, mama. Zinataka kuuzwa." Akautoa mkono wake, bila ubaya. "Na wewe jitahidi."

Sasa anasuka asubuhi mpaka jioni. Namsikia akiukaza ule ukindu, tak, tak, na mikono ikichoka anaipumzisha tu.

Mimi sikuwa tena na watoto wa kulisha. Nafagia kanisa, usharika unanipa unga. Kwa hiyo niliendelea kufeli. Wiki ya ishirini tulibaki watatu, wiki ya thelathini nikabaki mimi, benchi kumi na nane na Mwalimu Obedi. Alisoma, nami mdomo ukaitikia. Aliandika *Bado*, tukaagana. Nilikuwa naomba kila Jumatano nifaulu, maana mwananchi mwema hufaulu. Kuomba nilikuwa naomba. Kama niliomba kwa nguvu zote, hilo analijua Mungu.

Ikapita hivyo miezi kumi na minne. Mwalimu Obedi akawa anafika mapema kuliko mimi, ananifutia benchi vumbi. Kabla ya kusoma alikuwa anaweka kalamu chini.

Alhamisi iliyopita nilifika kama kawaida. Alisoma. Nikaungoja mdomo wangu.

Haukuja.

Mwalimu alinitazama. Kanuni inasema mstari husomwa mara moja tu. Akausoma mara ya pili, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Nikasikia maneno. Niliyajua, yako ukurasa wa tatu. Ile sauti ya wimbo ndiyo sikuipata, wala pale inapopanda, wala pale Bi Sauda anapoichelewesha.

"Mama Keziya," akasema, "unaumwa?"

"Hapana, mwanangu."

Akangoja bado. Nje watu walikuwa wanapita kwenda gulioni. Kisha akafungua mkoba, akatoa cheti, akakigonga muhuri, akanipa kwa mikono miwili.

Nilirudi nyumbani nikakaa na ungo wa mchele. Ng'ambo ya ukuta Nyamizi alikuwa anasuka, tak, tak. Nikagonga mara mbili. Kusuka kukakoma.

"Nani?" akauliza.

Nikakaa na lile swali magotini. Kwetu mtu akiuliza hujibiwa, nami nilitafuta nimjibu nini.

Cheti nimekitundika kwenye ule ukuta wetu mmoja, pale udongo ulipokuwa mwembamba. Kimeandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba mimi, namba arobaini na moja, nimethibitika sijasikia kitu.